Mchukuzi Mwema Hupimwa kwa Siku Zake Mbaya

Katika mjadala wowote unaohusu uchukuzi wa bidhaa nchini mwetu, swali linalotangulia ni la mali: lori ni la nani, reli ni ya nani, gati amekodishwa nani. Oktoba 2023, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania ilipotia saini mikataba na kampuni ya DP World ya Dubai kuhusu uendeshaji wa sehemu ya bandari ya Dar es Salaam, wananchi walikuwa wamekwisha kubishana kwa miezi kadhaa, bungeni, mahakamani, makanisani na vijiweni. Mjadala ule ulikuwa wa haki na wa lazima. Hata hivyo, aliyeufuatilia kwa sikio la kisayansi hakukosa kuona upungufu wake. Ilisemwa sana habari ya nani atakayehudumia mizigo. Ikasemwa kidogo mno habari ya namna kazi yake itakavyopimwa, itapimwa na nani, na matokeo yatasomwa na nani.

Mimi naona swali hili la pili ndilo zito. Tena naona kwamba kipimo tulichozoea kukitumia, yaani wastani wa siku za safari, aghalabu hutupotosha, na kwamba mpimaji tuliyemzoea, yaani mpelekaji au mchukuzi mwenyewe, siye anayestahili kupima. Nitajaribu kueleza sababu zangu kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuifuata kwa kalamu na karatasi.

Wachukuzi na namna zao

Taaluma hii siku hizi huitwa lojistiki, ingawa kwa lugha yetu ya siku zote ingetosha kuiita ugavi na uchukuzi. Wataalamu wake huwagawa watoa huduma kwa kuwahesabu wahusika. Mhusika wa kwanza ni mwenye mali mwenyewe: mkulima anayepeleka magunia sokoni kwa mkokoteni wake, au shule inayotuma gari lake kufuata madawati. Mhusika wa pili ni mwenye chombo, kama vile mwenye lori, nahodha wa jahazi, shirika la reli au kampuni ya meli. Yeye huuza nafasi katika chombo chake kutoka mahali hadi mahali, na mzigo ukishashushwa hana habari nawe tena. Mhusika wa tatu hukabidhiwa kazi nzima au sehemu yake kubwa. Huupokea mzigo, huukomboa forodhani kwa niaba ya mwenyewe, huuweka ghalani, hukodi malori kama hana yake, huugawa kwa walengwa, kisha hurudisha hati zilizotiwa saini. Mhusika wa nne hana lori wala ghala. Mtaji wake ni taarifa, na kazi yake ni kuwaratibu wachukuzi kadhaa kwa ajili ya mteja mmoja. Jina hilo la mhusika wa nne lilibuniwa na kampuni ya washauri ya Andersen Consulting mwaka 1996. Tangu hapo wapo waliokwisha kumwongeza na wa tano, lakini huko, kwa maoni yangu, ni kuhesabu kwa ajili ya matangazo ya biashara.

Mwanafunzi asidhani kuwa mambo haya yaliletwa na kontena. Katika karne ya 19 mizigo ya bara ilipimwa kwa frasila, ambayo ni takriban kilo 16, na mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili. Mfanyabiashara Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo (1851–1897), ambaye jina lake lilibaki katika hospitali aliyoifadhili mjini Dar es Salaam, alitajirika kwa kuwakusanyia wasafiri wapagazi pamoja na vitambaa, shanga na waya za shaba za kutumia njiani. Msafara haukuwa wake wala mzigo hakuubeba yeye. Alikuwa mhusika wa tatu kabla neno hilo halijatungwa. Naye Henry Morton Stanley, alipopita Bagamoyo mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone, alikaa zaidi ya mwezi mzima akingojea wapagazi. Na katika kitabu alichokichapisha mwaka uliofuata alimlaumu vikali wakala wake, kijana wa Kihindi ambaye wanahistoria humtambua kuwa ndiye Sewa Haji. Lawama hizo tuzipokee kwa tahadhari, kwa kuwa Stanley hakuwa mwepesi wa kuwasifu wenzake na daftari la wakala hatunalo. Jambo la kuzingatia ni kwamba tangu siku zile ugomvi ulikuwa huu huu: mteja analia kuwa amecheleweshwa, mchukuzi anajibu kuwa njia ni mbaya na watu ni wachache, na hakuna mtu wa tatu aliyeandika tarehe.

Yupo pia mchukuzi ambaye vitabu vya ng'ambo havimtaji, naye ni basi la mikoani. Mtu wa Songea anayehitaji kipuri kutoka Kariakoo hangoji lori. Ndugu yake hukifunga kipuri ndani ya boksi, huandika jina na namba ya simu kwa wino mzito, humkabidhi kondakta, kisha hupiga simu kutaja namba ya gari. Kesho yake boksi linachukuliwa stendi. Huduma hii ni rahisi na haina bima ya maana, lakini kwa kutunza wakati inayashinda makampuni mengi yenye ofisi za vioo. Sababu yake si siri. Basi halisubiri lijae mizigo ndipo liondoke. Huondoka kwa sababu abiria wamekata tiketi, na boksi la kipuri linanufaika na ratiba iliyowekwa kwa ajili ya watu. Lori, kinyume chake, husubiri lijae. Mchukuzi anayesubiri kujaza gari lake hupunguza gharama kwa kila kilo, na hapo hapo huihamishia gharama ya kusubiri kwa mpokeaji, ambaye hakuulizwa.

Wastani na mtawanyiko

Tuchukue zahanati moja ya kufikirika. Inatumia dozi 20 za dawa fulani kila siku, na imepewa hiari ya kuchagua mmoja kati ya wachukuzi wawili. Safari kumi za mchukuzi wa kwanza, tangu zahanati ilipoagiza hadi ilipopokea, zilichukua siku 8, 9, 8, 8, 9, 8, 9, 8, 9 na 8. Za mchukuzi wa pili zilichukua siku 4, 5, 4, 6, 5, 4, 19, 5, 4 na 16. Ukijumlisha na kugawa kwa kumi, wa kwanza anapata wastani wa siku 8.4 na wa pili siku 7.2. Mkaguzi anayesoma wastani pekee atampa kazi wa pili, tena atamsifu kwa kuokoa zaidi ya siku moja katika kila safari.

Sasa tukae upande wa mganga wa zahanati. Yeye hana budi kujua dawa zibaki ngapi kabatini ndipo aagize nyingine. Akiwa na mchukuzi wa kwanza, ambaye hajapata kuzidisha siku 9, ataagiza zinapobaki dozi 180, na hatapungukiwa. Akiwa na mchukuzi wa pili, ili awe na usalama ule ule itambidi aagize zinapobaki dozi 380, kwa kuwa siku 19 zimekwisha kutokea na zaweza kutokea tena. Kwa hiyo mchukuzi "mwepesi" anamlazimu mganga kutunza akiba zaidi ya maradufu, yaani fedha zilizolala kabatini zikingoja kupitwa na muda wa matumizi. Na ikiwa mganga hana fedha hizo, akabaki na kiwango chake cha dozi 180, basi katika safari hizo kumi kabati litakuwa tupu kwa siku 10 mara moja na kwa siku 7 mara ya pili. Jumla ni siku 17 ambazo wagonjwa 20 kila siku, ikiwa kila mmoja angepata dozi moja, wanaambiwa warudi nyumbani. Hao ni wagonjwa 340, na hakuna hata mmoja wao anayeonekana katika wastani wa siku 7.2.

Jambo lililofichwa na wastani ni mtawanyiko. Wanahisabati huupima kwa mchepuko sanifu: unatafuta tofauti ya kila safari na wastani, unazipandisha tofauti hizo kipeo cha pili, unatafuta wastani wake, kisha unatoa kipeo. Kwa mchukuzi wa kwanza jibu ni karibu nusu siku. Kwa wa pili ni zaidi ya siku tano. Mwalimu wa hisabati anayelalamika kuwa wanafunzi hawaoni faida ya somo la takwimu ajaribu kuwapa mfano huu badala ya urefu wa wavulana darasani.

Kwamba uhakika wa kufika kwa wakati hupunguza akiba na hasara si nadharia tupu. Oktoba 2016 nchi ya Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege ndogo zisizo na rubani kutoka kituo kilichopo Muhanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet Global Health ulionyesha kuwa ndege hizo ziliwahi kuliko magari kwa zaidi ya saa moja, na magazeti mengi yaliishia hapo. Mimi lililonivutia ni jambo la pili katika utafiti ule: damu iliyotupwa hospitalini kwa sababu muda wake umepita ilipungua kwa karibu theluthi mbili. Hospitali inayojua kwamba damu itafika leo haina haja ya kujaza jokofu kwa hofu. Sisemi tununue ndege. Ndege ni ghali, na milima ya Rwanda si tambarare za Shinyanga. Nasema faida kubwa ya ndege ile yaweza kupatikana hata kwa pikipiki, mradi pikipiki ifike siku iliyoahidiwa kila mara.

Mnyororo na makabidhiano

Mzigo wa dawa haubebwi na mtu mmoja. Wakala wa forodha anaukomboa bandarini, lori la masafa marefu linaupeleka bohari ya kanda, gari dogo linaufikisha wilayani, na mara nyingi bodaboda au mtumbwi ndio unaomaliza safari. Tuseme pana hatua tano, na kila mchukuzi anajivunia kutimiza ahadi yake mara 95 katika kila 100. Ni alama nzuri. Katika mtihani angepewa daraja la kwanza. Lakini uwezekano wa hatua zote tano kutimizwa ni 0.95 ikizidishwa kwa yenyewe mara tano, yaani kama 0.77. Katika kila maagizo 100, ni 77 tu yatakayofika kama ilivyoahidiwa. Ili zahanati ipate ile 95 yenyewe, kila mmoja wa wachukuzi watano angepaswa kutimiza mara 99. Hesabu hii inachukulia kwamba makosa ya mmoja hayategemei ya mwingine. Masika huvunja masharti hayo, kwa kuwa mvua iliyomkwamisha wa tatu ndiyo iliyomkwamisha na wa nne. Lakini fundisho lake halibadiliki: mnyororo hauwezi kusifiwa kwa kusifu pete zake moja moja.

Mahali panapovuja zaidi ni pale mzigo unapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja, na kwa ajili ya kiganja hicho behewa la reli moja haliwezi kuendelea katika nyingine. Reli hizo zinapokutana Kidatu, shehena haina budi kuhamishwa. Reli ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ina milimita 1,435, kwa hiyo sasa tuna vipimo vitatu katika nchi moja. Kontena lilitengenezwa kwa ajili ya maradhi haya. Aprili 1956 Malcom McLean, tajiri wa malori wa Marekani, alipakia masanduku 58 juu ya meli Ideal-X kutoka Newark hadi Houston, na gharama ya kupakia tani moja ikashuka kutoka karibu dola 6 hadi senti 16 hivi. Bahari haikufupishwa hata maili moja. Kilichofupishwa ni makabidhiano.

Kasoro nyingine ya makabidhiano ni kuhesabu vitu badala ya kuhesabu mahitaji. Chanjo ya surua hufika ikiwa unga mkavu, na haidungwi mpaka ichanganywe na kiyeyushi chake maalumu. Chupa 100 za unga zikifika, na viyeyushi 100 vikabaki bohari, mchukuzi ataandika kuwa amefikisha nusu ya mzigo. Mtoto atakayechanjwa siku hiyo hayupo hata mmoja. Kwa hiyo agizo lihesabiwe kuwa limetimizwa pale tu lilipofika kamili, kwa wakati na bila kuharibika, yote matatu kwa pamoja. Kipimo hiki ni kikali, na wachukuzi hawakipendi. Nadhani wana sababu.

Foleni

Hapana budi niseme machache juu ya foleni, maana hapa ndipo viongozi wengi hukosea kwa nia njema. Meneja wa mizani ya barabarani hujisikia fahari mizani yake inapofanya kazi bila kupumzika, kwa kuwa chombo kilicholala ni hasara. A. K. Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza mwaka 1909 kuchapisha hesabu zinazoonyesha hatari ya fahari hiyo. Katika foleni ya dirisha moja, ambapo wateja huja bila mpangilio na muda wa kuhudumiwa nao hubadilika-badilika vivyo hivyo, muda wa kungoja hupatikana kwa kuchukua sehemu ya wakati ambao dirisha lina kazi, kuigawa kwa sehemu ambayo halina kazi, na kuzidisha kwa muda wa kumhudumia mteja mmoja.

Chukua mizani inayotumia wastani wa dakika 3 kwa lori. Ikiwa na kazi kwa asilimia 80 ya wakati, dereva atangoja wastani wa dakika 12. Ikiwa na kazi kwa asilimia 90, atangoja 27. Kwa asilimia 95 atangoja 57, na kwa asilimia 98 atangoja 147, ambazo ni karibu saa mbili na nusu, kwa ajili ya huduma ya dakika 3. Angalia jinsi msitari wa grafu unavyopanda: mwanzoni polepole, kisha kama ukuta. Ndiyo maana foleni huota ghafla katika mpaka ambao wiki iliyopita ulionekana kumudu kazi yake. Malori yameongezeka kidogo tu, lakini yameongezeka mahali ambapo grafu imesimama wima. Kwa hiyo gati lenye nafasi ya kupumua si uzembe. Nafasi ile ndiyo inayonunua uhakika, na katika mkataba wowote wa bandari, reli au ghala, mtu anayeisoma hesabu ya matumizi ya mitambo bila kusoma hesabu ya kungoja anasoma nusu ya ukurasa.

Nani apime?

Tangu mwaka 2007 Benki ya Dunia imekuwa ikitoa orodha inayozipanga nchi kwa ubora wa ugavi na uchukuzi. Toleo la mwaka 2023 lilikuwa na nchi 139, zikipewa alama kati ya 1 na 5 kwa mambo kama forodha, miundombinu, ufuatiliaji wa mizigo na kutunza wakati. Ni kazi ya manufaa, nami huitumia darasani. Lakini alama zake hutokana na maoni ya mawakala wa mizigo na wasafirishaji wa kimataifa, yaani wachukuzi wanawasahihisha wachukuzi wenzao. Katika toleo hilo la mwisho ziliongezwa takwimu za mwendo halisi wa makontena na meli, jambo linalostahili kupongezwa. Hata hivyo takwimu hizo zinafuata shehena za biashara ya nje. Hazifiki zahanatini, wala hazifiki shule ya kata inayongoja kemikali za mtihani wa vitendo.

Mfano bora ninaoufahamu wa kipimo kilichowekwa mikononi mwa mpokeaji umebandikwa juu ya chupa ya chanjo. Chanjo nyingi zinatakiwa kutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi mkononi mwa mtoto. Zamani muuguzi wa kijijini hakuwa na njia ya kujua kama dereva wa wilayani aliliacha boksi juani wakati wa chakula cha mchana. Mwaka 1996 chupa za chanjo ya matone ya polio zilianza kubandikwa alama ndogo ya duara lenye mraba katikati. Mraba huo una kemikali ya jamii ya diasetilini ambayo molekuli zake huungana zenyewe na kuwa nyororo ndefu zenye rangi. Joto likiwa dogo huungana polepole, likiwa kali huungana upesi, na rangi iliyokwisha kuiva hairudi nyuma. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo hutumika ikiwa muda wake haujapita. Ukifanana nalo au ukiwa mweusi kuliko duara, hutupwa. Alama haimwonyeshi muuguzi ni nani kati ya wachukuzi watano aliyekosa, lakini inajumlisha makosa yao yote na kuyaweka mbele ya macho yake, bila umeme, bila kumwomba mtu taarifa.

Isitoshe, alama hiyo ina upofu wake. Haioni baridi. Chanjo zenye chumvi za alumini, kama ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B, huharibika zikiganda, na dereva mwenye bidii anayejaza barafu kupita kiasi aweza kuziharibu huku mraba ukiendelea kung'aa. Kwa ajili hiyo wauguzi hufundishwa kuitikisa chupa wanayoishuku pamoja na nyingine ya aina hiyo hiyo iliyogandishwa makusudi, wakizilinganisha jinsi mashapo yanavyotuama. Ni sayansi ya kidato cha pili, na inafanywa juu ya meza ya zahanati.

Sasa niseme ninalolitaka. Katika miaka ya karibuni umezuka ubishi kama taasisi za umma zifanye uchukuzi wenyewe au zikodi. Mimi sina pingamizi na kukodi. Gari la taasisi linalokwenda mjini tupu ili lirudi na mzigo, kisha likalala siku nne likingoja safari nyingine, ni mchukuzi ghali kuliko wote, ingawa gharama yake haionekani kwa kuwa imegawanyika kati ya fungu la mafuta, fungu la matengenezo na mshahara wa dereva. Akodiwe mhusika wa pili, wa tatu, hata wa nne. Ila daftari lisikodishwe. Siku mteja anapomwachia mchukuzi kazi ya kuandika tarehe za kuagiza na za kupokea, amekwisha kupoteza uwezo wa kumhoji, na mwaka wa mkataba unapokwisha hatajua kama ambadilishe au ambakize. Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1993, inapeleka dawa katika vituo vya afya nchi nzima. Napendekeza kila kituo kiwe na haki ya kuandika tarehe zake kivyake, na jedwali la tarehe hizo, safari kwa safari, si wastani wake, libandikwe hadharani wilayani kila robo mwaka, likiwa na jina la mchukuzi aliyehusika katika kila hatua.

Nitajibiwa kwamba zahanati hazina watu wa kufanya takwimu. Ni kweli, lakini shule za sekondari ziko katika kata karibu zote, nazo zina vijana wanaojifunza takwimu kwa kutumia namba za kubuni. Shule zenyewe ni wapokeaji wa mizigo: asidi na besi za maabara, vitabu, mahindi na maharage ya jikoni. Mwalimu wa hisabati na mtunza stoo wanaweza kuanza muhula huu. Kinachohitajika ni daftari la mistari lenye safu sita: kilichoagizwa, tarehe ya kuagiza, tarehe iliyoahidiwa, tarehe ya kupokea, kiasi kilichokosekana na jina la mchukuzi. Mapokezi 30 yakishaandikwa, kidato cha tatu wachore histogramu, siku za kuchelewa kwenye mhimili wa chini na idadi ya safari kwenye mhimili wa kusimama. Waitazame kwanza sehemu ya kulia, zile safari mbili tatu zilizojitenga na nyingine, wakaulize stoo na jikoni kilitokea nini siku hizo. Nakala ya mchoro apelekewe mkuu wa shule kabla hajaitisha zabuni ya mwaka unaofuata, na nyingine apewe mchukuzi mwenyewe.